Faili la Mtu Mmoja

Kikopo ni kidogo, cha plastiki, kina kifuniko chekundu na kibandiko cheupe cha kuandikia jina na saa. Mhudumu wa maabara alinikabidhi niweke manii ya kupimwa, akaniambia nikirudishe ndani ya saa moja, na nikiwa njiani nisikitie kwenye begi. Nikibane kwapani au nikiweke mfuko wa ndani wa koti, kisipoe. Nikakibana kwapani kama mtu anayepima homa. Kazi yote, pamoja na kujaza fomu, ilikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Kuikubali ndiko kulikonichukua miezi 19.

Katika miezi hiyo mke wangu alikuwa ameshatolewa damu mara saba, amefanyiwa altrasaundi tatu, na amelala kwenye meza ya eksirei huku dawa ikipitishwa kwenye mlango wa kizazi ili ijulikane kama mirija ya uzazi imeziba. Faili lake lilinenepa hadi likawa linafungwa kwa mpira. Mimi sikuwa na faili.

Ningesema ni udhaifu wangu peke yangu, ila tangu nianze kulizungumza jambo hili nimekutana na wanaume wengi wenye kisa kile kile, tofauti ikiwa ni idadi ya miezi tu. Mtoto akichelewa, mwanamke ndiye anayeanza kupimwa, mwanamume anabaki kuwa dereva na mlipaji. Ninachodai ni hiki: sehemu kubwa ya mateso ya kutafuta mtoto hutengenezwa na upimaji usio na mpangilio, unaofanywa kwenye mwili wa mtu mmoja, bila mtu kuuliza kinatafutwa nini. Mateso ya aina hiyo yanaweza kupunguzwa hata kabla mtoto hajapatikana, na hata asipopatikana.

Shirika la Afya Duniani linauita ugumba ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke, unaotambuliwa pale mimba isipoingia baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Na ukiwachukua wenzi waliokwama, karibu nusu yao utakuta upande wa mwanamume nao una mchango, peke yake au pamoja na ule wa mwanamke. Sasa linganisha vipimo vyenyewe. Cha mwanamume hakina sindano, hakina dawa, hakiumi. Cha mirija ya mwanamke kina vyote vitatu kwa namna yake. Fundi yeyote angeanza na kile chepesi. Sisi tunaanza na kile kizito, tena tunakirudia.

Lugha yetu ina mkono wake humo. Neno tasa tumemwachia mwanamke. Mwanamume tumempa "nguvu za kiume", na kwa kuwa anazo, au anadai anazo, tunahitimisha kwamba na mbegu zipo. Mambo haya mawili hayana undugu wa karibu kiasi hicho. Mtu anaweza kuwa simba kitandani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja, kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana ya yale maji. Mengi hutoka kwenye tezi nyingine. Kwa macho hutaona tofauti. Hadubini ndiyo inayoona. Na hapa kuna kichekesho kichungu: anayejidunga testosteroni, homoni ya kiume, ili auongeze huo uanaume anaweza kukizima kiwanda chenyewe, maana ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu huacha kuziamuru korodani zitengeneze mbegu. Sindano za testosteroni zimewahi hata kufanyiwa majaribio kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume.

Majibu yangu yalikuja kwenye karatasi moja. Mbegu milioni 11 kwa mililita, na pembeni mshale mdogo umeelekezwa chini. Sikusoma mstari mwingine. Usiku ule nilijishtaki, nikajihukumu, na kimoyomoyo nikampa mke wangu ruhusa ya kuniacha, bila kumwambia neno.

Laiti ningejua ule mshale umetoka wapi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima manii, toleo la sita la mwaka 2021, unataja milioni 16 kwa mililita kuwa kiwango cha chini. Kiwango hicho kilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kuwapanga kuanzia mwenye mbegu chache hadi mwenye nyingi, kisha kukata mstari pale inapoishia asilimia 5 ya mwanzo. Maana yake hata walio chini ya mstari walikuwa watu waliozalisha! Mshale unakuambia umesimama nyuma kwenye foleni. Kwamba umefukuzwa kwenye foleni, haukusema. Mwongozo huo huo unaridhika na asilimia 4 tu ya mbegu zenye umbo zuri, jambo ambalo mtu akilisoma peke yake saa sita za usiku atakosa usingizi bure.

Kisha kuna suala la muda. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo kipimo cha leo kinaeleza hali ya korodani ya wiki nyingi zilizopita, pamoja na homa iliyokulaza wakati huo. Ndiyo maana jibu baya la kwanza hurudiwa kabla ya kusemwa lolote kubwa. Mimi nilikuwa nimelala na homa kali miezi miwili kabla ya kikopo, na hakuna aliyeniuliza. Wala mimi sikujua kuwa ni habari ya kutoa. Kipimo cha pili, baada ya miezi mitatu, kilisoma milioni 23. Hakijatuletea mtoto. Kimetuondolea adui ambaye hakuwepo.

Kwa mke wangu kosa lilikuwa la kalenda. Kuna kipimo cha homoni ya projesteroni ambacho wengi hukiita "cha siku ya 21". Yai likishatoka, pale lilipotoka kwenye ovari hugeuka kuwa kiwanda cha projesteroni, na homoni hiyo hufika kileleni kama siku saba baadaye. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hiyo inaangukia siku ya 21, na jina likaganda hapo. Mke wangu mzunguko wake ni wa siku 35. Yai lake hutoka karibu na hiyo siku ya 21 yenyewe. Walimtoa damu siku ya 21, homoni ikakutwa iko chini, akaambiwa mayai yake hayapevuki, akaandikiwa vidonge. Miezi minne aliishi na sentensi hiyo. "Mimi sina mayai," nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu, akidhani nimelala. Daktari mwingine ndiye aliyemuuliza swali ambalo halihitaji shahada: siku zako zinakuja kila baada ya siku ngapi? Kipimo kikarudiwa siku ya 28. Homoni ilikuwa juu, bila kidonge chochote.

Kalenda hiyo ina utani wake pia. Shuleni tulifundishwa kuziita siku za kushika mimba "siku za hatari", siku za kukaa mbali na mtu. Leo watu wazima wanaziwekea kengele kwenye simu. Zenyewe ni kama sita: tano kabla yai halijatoka, na ile ya kutoka yai, kwa kuwa mbegu zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwanamke ilhali yai halizidi saa 24. Wenzi wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima hawazikosi, hata wasipojua zimeanza lini. Nalisisitiza hili kwa sababu kitanda kinachoendeshwa na kengele kina gharama. Ikifika mwezi wa nane au wa tisa wa kujaribu, kuna wanaume wanaoshindwa siku ile ile inayotakiwa, na kuna wanawake wanaoanza kushtuka wakiguswa bega. Kwetu tulifika mahali tukawa tunaombana radhi kabla ya kuanza.

Kipimo cha mirija, kile wanachokiita HSG, ndicho kinachoogopwa kuliko vyote. Hufanywa hedhi ikishakauka na yai likiwa bado halijatoka. Dawa inasukumwa kwenye mfuko wa uzazi, na kwenye skrini inaonekana ikijaza umbo la pembetatu, kisha ikipita kama uzi kwenye kila mrija hadi imwagike mwishoni. Ikimwagika, mrija uko wazi. Kwa wengine maumivu ni ya tumbo la hedhi. Kwa wengine, mke wangu akiwa mmoja wao, ni ya kushika kingo za meza. Na mrija unaweza kukaza kwa mshtuko tu, dawa ikakwama mwanzoni kabisa, karatasi ikaandikwa "umeziba" wakati haujaziba. Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba kipimo hiki chenyewe kinaweza kusaidia kushika mimba. Katika jaribio lililofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2017, likiwa na wanawake 1,119, asilimia 39.7 ya waliopitishiwa dawa ya mafuta walipata mimba iliyoendelea kukua ndani ya miezi sita, dhidi ya asilimia 29.1 ya waliopitishiwa dawa ya maji. Mwanamke anayekwenda kulala kwenye meza ile ana haki ya kuuliza ni dawa ipi watakayotumia. Wengi hatukujua kama lipo swali.

Na ikiwa mirija imeziba kweli, hapo napo pana njia, ingawa ni ndefu na ni ya fedha nyingi. Mirija ya Lesley Brown ilikuwa imeziba. Yai lake likatungishwa maabara huko Uingereza, na Julai 25, 1978 akazaliwa Louise, mtoto wa kwanza duniani kupatikana hivyo. Mwaka 1992 madaktari wa Ubelgiji walitangaza watoto waliopatikana kwa mbegu moja kudungwa moja kwa moja ndani ya yai, na wanaume waliokuwa wameambiwa wasahau wakapata mahali pa kuanzia.

Prolaktini, homoni ya maziwa, na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni sitakaa nazo. Ni damu kidogo, vipimo vina maana, na tatizo likikutwa mara nyingi dawa ipo.

Kinachonikera ni AMH, kipimo cha akiba ya mayai, kwa jinsi kinavyonadiwa siku hizi kwa mabinti ambao hata hawajaanza kutafuta. Kina kazi yake: kinamsaidia daktari kukadiria ovari zitaitikia vipi dawa za kuchochea mayai kabla ya kutungishwa maabara. Kutabiri kama mwanamke atashika mimba kwa njia ya kawaida ni kazi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwenye jarida la tiba la JAMA uliwafuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na wenye AMH ya chini walishika mimba sawa na wenzao. Binti anayepimwa kwa udadisi, akapewa namba ndogo, akaharakisha ndoa aliyokuwa na mashaka nayo, ameumizwa na kipimo kilichoulizwa swali lisilokuwa lake.

Ndiyo maana siku hizi kwetu hakuna anayekunja shati kabla ya kujibu: matokeo yakija hivi tutafanya nini, na yakija vile tutafanya nini? Kama njia zote mbili zinaishia "tutaendelea kama tulivyo", damu ibaki mwilini. Swali hilo limewaudhi madaktari wawili. Wa tatu alicheka, akavuta kiti, akachora kwenye karatasi mishale ya nini kinafuata baada ya nini. Huyo ndiye tuliyebaki naye. Tulimpelekea pia nakala za majibu yote ya nyuma, tulizozidai huko zilikokuwa, maana tulishachoka kurudia vipimo vile vile kwa sababu tu mlango wa kliniki umebadilika.

Sasa nije kwenye ushauri unaotolewa bure na kila mtu, kuanzia shemeji hadi jirani wa mbali: "Punguzeni mawazo, mtapata." Una sura ya huruma. Ndani yake kuna mashtaka, kwamba mimba haikuingia kwa sababu wewe ulihangaika. Mwaka 2011 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 14 za wanawake 3,583 waliokuwa wakianza matibabu ya kusaidiwa kushika mimba, na haikuonekana kwamba waliokuwa na mfadhaiko mkubwa kabla ya matibabu walikosa mimba zaidi ya waliotulia. Mfadhaiko wenyewe ni wa kweli, hilo halina ubishi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliukuta kwa wanawake wenye tatizo la uzazi ukilingana na wa wagonjwa wa saratani. Mgonjwa wa saratani hatumwambii atulie atapona. Tunamsindikiza hospitali.

Ukitaka kuuona mfadhaiko huo kwa karibu, amka saa kumi na moja alfajiri. Mlango wa bafu umerudishwa, taa haikuwashwa ili mwenzake asiamke, na mwanamke amekishika kijiti cha kupimia mimba mbele ya tochi ya simu, anakigeuza huku na huku akitafuta mstari wa pili. Bado siku tatu hedhi ifike. Kesho atafanya tena. Nilikuwa macho alfajiri nyingi kama hizo, nimejifunika, kwa kuwa sikujua la kusema. Baadaye tulikubaliana mambo mawili tu: hakuna kupima kabla siku hazijachelewa, na anayepima hapimi peke yake. La pili lilikuwa gumu kwangu kuliko la kwanza. Niongeze na hili kwa waliochomwa sindano ya hCG ya kulitoa yai: dawa hiyo ndiyo homoni inayotafutwa na kijiti, na inaweza kuchora mstari wa pili kwa siku kadhaa. Wapo walioishangilia sindano wakidhani ni mtoto.

Na pale kliniki kila mwanamke huitwa "mama". Mama, njoo. Mama, kaa pale. Ni heshima ya kawaida ya lugha yetu, mahali pengine pote haina neno. Kwenye benchi lile nimeona mtu akiinuka kuitikia na macho yamejaa.

Simaanishi watu wasubiri hadi mambo yajipange yenyewe. Subira yavuta heri, lakini ovari hazijui methali. Chini ya miaka 35, miezi 12 ya kujaribu inatosha kabla ya kwenda kupimwa. Kuanzia miaka 35, miezi sita. Aliyefika 40 aende mapema bila kuhesabu. Mwenye hedhi ya kurukaruka, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, mwanamume ambaye korodani zake hazikushuka utotoni au aliyewahi kupata tiba ya saratani, hao nao wasingoje. Waende wawili, siku moja.

Sisi sasa tumewekwa kwenye kundi la "sababu haikuonekana". Mirija iko wazi, yai linatoka, mbegu zipo za kutosha. Nilidhani jibu hilo lingekuwa pumziko. Mke wangu alilia zaidi siku ile kuliko siku ya kuambiwa hana mayai, na nilichelewa kuelewa: ubaya wenye jina una dawa ya kuulizia. Ilibidi tuambiwe polepole kwamba vipimo vya kawaida vinaona milango tu. Haviioni mbegu ikishindwa kuingia kwenye yai, wala kiinitete, ile mimba changa kabisa, chenye kromosomu (nyuzi za urithi) zisizo sawa, wala kile kinachofika kwenye ukuta wa mfuko kisishike. Wenzi wanaoishia kwenye kundi hili ni kati ya asilimia 15 na 30 ya wanaopimwa, na wengine wao hushika mimba bila kufanya lolote jipya. Wengine hapana. Tumepanga tutajaribu hadi lini, tutasaidiwa kwa njia ipi na kwa awamu ngapi, na tumeandika kwenye daftari tarehe ya kukaa tena na kuulizana kama bado tunataka kuendelea. Tarehe hiyo ilikuwa ngumu kuiandika kuliko majina ya dawa.

Jumanne iliyopita tulirudi kliniki. Mhudumu wa mapokezi hakuinua macho.

"Mama, faili lako?"

Mke wangu akanigeukia. Yalikuwa kwapani kwangu, lake na langu, yamefungwa kwa mpira mmoja.